Tosha Viatu, Mon Adjudant

Mimi njo mutu mwenye bananiita "docteur" mu avenue yetu, hapa Mangobo, Kisangani, na hata ku mulango ya secondaire sikufika. Nilisoma primaire, nikamaliza ya sita, nikapata certificat. Mama akaificha chini ya matelas ya kitanda, panya ikakula fasi ya jina. Donc ile primaire, kwa sasa, ni panya njo iliisoma. Kutoka pale niko mu toleka: nabeba batu nyuma ya velo, asubui mpaka jua inalala. Mutu akisikia kuko docteur mu avenue, anakuya mbio na mutoto yake mwenye kukohoa, anakuta niko nakula mikate ya kukaanga, nimekaa juu ya pneu ya velo yenye kutoboka, mafuta iko inashuka ku kidevu. Anarudia na mutoto yake.

Ile jina ilitoka ku centre de santé. Infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa anatafuta relais, maana yake mutu wa kupitisha mafundisho ya afya mu nyumba za batu. Kwa banamuke benye mimba alishapata mama mumoja wa akili. Kwa bazee ba basoda, wale benye balitoka jeshini na sasa bako banazeekea mu quartier, hakuna mwenye alikubali. Siku moja nilimubeba ku toleka. Kutoka centre mpaka kwake sikufunga kinywa. Akashuka, akaniangalia.

"Wewe, ile kinywa inachokaka saa ngapi?"

"Mama, ikichoka nasemea mu pua."

"Bon. Njo wewe nilikuwa natafuta."

Akanipa T-shirt mweupe yenye balishona kwa mutu munene sana. Nikiivaa, upepo ikipiga, velo inaenda yenyewe. Akanifundisha: bazee bapunguze sukari, bapunguze lotoko, ile pombe kali, baache tumbako, batembee kila siku, na baangalie miguu yao. Miguu aliiweka ya mwisho, na ya mwisho mimi sikuisikia muzuri. Nilikuwa nanusa pondu, majani ya mihogo yenye jirani alikuwa anapika.

Nilikubali juu ya tonton yangu. Tonton ni kaka ya mama, alikuwa adjudant mu jeshi, na njo yeye alinilea tangu siku papa yangu alishuka na bateau kuenda Isangi na akasahau njia ya kupanda. Ule mwaka balimukuta na ugonjwa ya sukari. Infirmière alimuambia mbele yetu: "Papa, hii ugonjwa inakamataka mutu ku miguu. Kidonda kidogo, kama hauichunge, inafika ku kukata." Na bazee balijua ni kweli, sababu sergent mumoja, rafiki yao, balimukata mpaka ku goti, na hakumaliza hata saison moja ya mvua. Tonton alimuangalia infirmière, akasema pole pole, kama mutu mwenye kuagiza chai:

"Siku munanikata muguu, munizike nayo siku ile ile."

Batu bakacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha usiku mama mukubwa, bibi ya tonton, akaniambia: "Usicheke. Nilioana naye miaka mingi. Kama anasema vile, atafanya vile. Atakataa kukula, atageukia ukuta, na itaisha." Basi nikavaa ile T-shirt.

Mbele ya parcelle ya tonton kuko hangar ya tôle, ya mabati. Zamani fundi wa kusudera vyuma alikuwa anatumika pale. Alihama, bazee bakaingia. Bo wenyewe banasemaka: "Tulikamata position." Kwa État bako retraités, lakini mu ile hangar hakuna mwenye alitoka ku kazi. Capitaine anakaa ku kiti yenye mikono, ni moja tu. Adjudant, tonton yangu, anakaa mwisho ya banc ya mbao. Caporal, hata kama nywele yake ni mweupe kupita ya capitaine, njo anapika chai na kukula moshi. Na ile chai! Banatiaka sukari mpaka kijiko inasimama yenyewe, garde-à-vous kama soda mbele ya chef. Kisha kuko lotoko kidogo, "dawa ya baridi". Baridi ya Kisangani mimi bado sijaiona, lakini bo balikuwa banajitayarisha.

Nikaingia siku ya kwanza, kifua mbele.

"Bazee, mbote. Nimekuya kwa ajili ya afya yenu."

"Nani alikupa mission?" capitaine akauliza.

"Infirmière."

"Infirmière iko na grade gani?"

"Iko na diplôme."

"Sikuulize diplôme."

Caporal akatosha kichwa mu moshi. "Na wewe, petit?"

"Mimi niko relais."

"Relais ni juu ya caporal ao chini?"

Nikafikiri. Hapa njo batu ba secondaire banapitaka sisi. "Mimi naona ni... kando."

Hangar ikapasuka na kicheko. Tonton mwenyewe alicheka mpaka akajipangusa macho. Capitaine akanionyesha chini na fimbo. "Kando ni civil. Kamata position ya civil. Kaa chini, sema kidogo."

Nikakaa chini. Nikaanza mambo ya sukari. Nilisema muzuri, niliona hata caporal iko anatikisa kichwa. Lakini hakuwa anakubali, alikuwa ananusa.

"Capitaine," akasema, "kuko munitions mu mufuko ya docteur."

Ilikuwa mikate yangu. Niliinunua njiani, nikaisahau, mafuta ilishapita suruali na kuchora kitu kama carte ya Congo ku paja yangu. Bakanifanyia fouille, mufuko kwa mufuko. Bakagawa ile mikate kwa grade, capitaine wa kwanza, na bakaichovya mu chai ya sukari. Tonton pia akanyosha mukono.

"Tonton, wewe hapana!"

"Petit, hii ni butin, nyara ya vita."

Donc siku ya kwanza ya mafundisho yangu, bazee ba sukari balikula mikate yenye habakupanga kukula. Kama ningebaki kwangu nalala, afya yao ingekuwa muzuri zaidi.

Infirmière akauliza inaenda namna gani. Nikasema: "Mama, bananisikiliza sana."

Juma ingine nikaleta mupango ya kutembea. Nilifikiri: hawa ni basoda, kutembea ni damu yao. Nikabaambia tutatoka hangar mpaka ku marché na kurudia, kila asubui, na mimi njo nitakuwa mbele. Kwa nini mbele? Mimi napedalaka siku muzima, miguu yangu ni chuma, njo vile nilijidanganya. Kumbe kupedala ni kukaa. Miguu inazunguka, matako iko inapumzika. Mutu wa toleka, umuweke chini atembee mbio, iko kama samaki ku njia.

Tonton alikataa kutoka. "Niko na garde," akasema. "Mutu lazima alinde hangar." Nikaona ni uvivu ya kawaida. Nikamuacha.

Wengine bakapanga mustari. Caporal akaanza kupiga sauti, "Moko! Mibale! Moko! Mibale!", moja, mbili, kwa Lingala, na ile bazee yenye ilikuwa inakohoa jana ikashika pas, hatua moja, kama batoto ba miaka kumi na nane. Mbele ya kufika hata ku kona ya kwanza, kitu ikanichoma chini ya mbavu. Ku kona ya pili capitaine akanipita, na fimbo yake. Ku marché, mama moja wa kuuza makayabu, samaki ya chumvi, akauliza: "Eh bazee, huyu kijana munamupeleka hospitali?"

"Hapana, mama," caporal akasema, "ni yeye anatupeleka."

Kurudia, caporal alienda kwanza kuchukua velo yangu ku hangar, akaniweka nyuma ku porte-bagage, akapedala. Mimi, toleka, ku kiti ya client, ku velo yangu mwenyewe, mutu wa umri ya babu yangu mbele iko anapiga filimbi. Benzangu ba toleka balikuwa ku rond-point. Mpaka leo, nikipita pale, kuko mumoja anauliza: "Client, tunaenda wapi?"

Lakini lazima niseme: bazee balipenda ile kutembea. Siku yenye ilifuata balitoka bila mimi.

Tonton tu njo alibaki. Kila asubui garde, kila asubui mwisho ya banc, na mabottine yake ya jeshi, kamba imefungwa mpaka juu. Nilikuwa namuchokoza: "Tonton, adui bako wapi? Balishafika ku kona?" Alikaza kamba tu. Alianza kutembea kwa kisigino, kama mutu anapita juu ya mayai, na mimi, docteur, nikaona ni mitindo ya bazee.

Mama mukubwa njo aliniita nyuma ya jikoni.

"Tonton yako hatoshake tena mabottine. Anaoga mulango imefungwa. Analala na machaussettes ku miguu. Nikitaka kuifua, ananiambia kesho. Mimi naona kuko kitu ku ile muguu."

Nikakumbuka ile ya mwisho yenye infirmière alisema, ile yenye ilinipita juu ya kunusa pondu. Nikaenda kwa tonton na akili yangu yote, ni kidogo lakini nilienda na yote.

"Tonton, leta mabottine niipake cirage."

Akaniangalia. Akaweka muguu juu ya kiti kidogo, bado ndani ya bottine. "Paka."

Nikapaka. Nilipaka mpaka ikaangaza, uso yangu karibu na muguu yake, na arufu moja mubaya iko inanipanda mu pua. Nikasema mu roho: hii cirage imezeeka. Ona docteur. Kidonda iko inaniita kwa jina, mimi niko naangalia tarehe ya boîte.

"Tonton, nataka kuona muguu."

"Wewe ni nani wa kuona muguu yangu?"

"Niko relais."

"Relais ni kando. Kaa kando."

Sikuwa na bunduki, sikuwa na grade, na kinywa yangu, yenye ilinipatia kazi, ilikuwa imekauka. Nikaenda kwa capitaine. Nilimukuta yeye peke mu hangar, iko anafunga kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya velo, ku ncha ya fimbo, asiteleze. Nikamuambia yote: mabottine, machaussettes, arufu. Nilingoja anicheke. Hakunicheka.

"Tulitembeaka pori nzima kwa miguu, petit," akasema. "Mimi na tonton yako. Mutu mwenye kidonda ku muguu hawezi kufuata. Tulikuwa tunamuacha ku village, na muchele kidogo, tunamuambia tutarudia kukuchukua." Akavuta ile kaucho, akaikaza. "Wengine hatukurudia. Basi kila mutu akajifunza kuficha. Unatembea na kidonda, unaimba, unacheka, usiku unajifunga na kitambaa yako gizani. Mutu akikuuliza, uko bien."

"Lakini sasa kuko pori gani? Kutoka hapa mpaka centre ni dakika kidogo!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Muguu yake haijue."

Capitaine akaendelea, kama anasema na fimbo yake:

"Mbele ya ile vita, ku instruction, mafunzo ya jeshi, kulikuwa revue ya miguu. Magaribi, mbele ya kukula, batu yote banakaa, tosha viatu, nyosha. Chef anapita. Chef wa kweli anaangalia miguu mbele aangalie bunduki. Ukiwa na kidonda leo, banaitengeneza leo. Hakuna mwenye aliogopa kuonyesha, sababu chef alikuwa anatafuta namna ya kukupeleka mbele, haikuwa namna ya kukuacha."

"Na iliisha namna gani?"

"Vita ilikuya. Hakuna mwenye alikuwa na wakati."

Hapa kinywa yangu ikarudia yenyewe, bila ruhusa.

"Capitaine, mu hangar munasemaka ordre ya chef inasimama mpaka chef mwenyewe anaitosha, anaifuta. Ile ya revue, nani aliitosha?"

Akanyanyua kichwa. "Nani aliitosha namna gani?"

"Mimi niko civil, nauliza tu."

Akageuza fimbo mu mukono. "Hakuna mwenye aliitosha."

"Donc tangu ile siku muko mu faute, mu makosa."

Fimbo ikapanda. Mimi nikawa nimefika barabara. Lakini capitaine alikuwa anacheka, na mukono moja iko inanifanyia alama nirudie. "Kesho asubui," akasema. "Uite infirmière. Usimuambie tonton yako kitu."

Asubui yake, infirmière alifika na basin ya maji, savon na kitambaa, akakaa kando bila kusema. Capitaine akasimama mbele ya hangar, akapiga "Rassemblement!" na sauti yenye sikujua iko nayo. Kuku ya jirani ikakimbia. Bazee yote bakakaa ku banc, mustari moja, tonton mwisho, mabottine yake iko inaangaza na cirage yangu.

"Revue ya miguu!" capitaine akasema. Nikaona kitu inapita mu uso zao, kama batu benye kusikia muziki ya zamani. "Tuanze na mwenye afya. Docteur, mbele!"

"Mimi?"

"Tosha."

Mama na ngai! Mimi navaaka sandales ya plastique mvua na jua, naosha uso, miguu inajiosha yenyewe ku mafuriko. Nikatosha. Capitaine akainama. Akaita caporal. Caporal akainama. Bakaita infirmière. Visigino vyangu ilikuwa imepasuka pasuka, mule ungeweza kupanda mihogo. Katikati ya vidole ilikuwa mweupe, inabambuka. Ukucha ya kidole kikubwa ilikuwa nyeusi, na sikukumbuka tangu siku gani.

"Capitaine," caporal akasema, "hii haiko muguu. Hii balichimba mu shamba."

"Petit," infirmière akasema na sauti ndogo, "unavaa T-shirt yangu na miguu ya hivi?"

Bazee bakacheka mpaka banc ikalia. Nilikuwa natafuta fasi ya kuingia. Lakini nikaona kitu: bakiwa banacheka, mikono ilishaanza kufungua kamba. Hakuna mwenye alikuwa na haya tena, sababu miguu yenye mubaya kupita yote ilishapita. Caporal akatosha yake. Mwenye kukaa kando yake akatosha. Capitaine mwenyewe akakaa ku kiti yake, akatosha, akaonyesha kidole chake kimoja cha kupinda, infirmière akamuambia namna ya kukata ukucha. Moja moja, infirmière iko anaosha, anakausha, anaangalia chini na katikati.

Ikafika ku mwisho ya banc. Mabottine ilikuwa bado imefungwa.

"Adjudant."

"Capitaine."

"Tosha viatu."

"Mimi niko bien, capitaine."

"Sikuulize kama uko bien."

Kicheko ikafwa. Tonton akaangalia barabara, fasi hakukuwa mutu. Kisha akasema, pole, na haikuwa ulizo:

"Munataka kuniacha."

Capitaine akapatia caporal fimbo yake, akashikilia banc, na akashuka ku magoti, mufupa kwa mufupa, tukiwa tunasikia kila moja. Capitaine, mbele ya adjudant, mu vumbi. Akaanza kufungua kamba yeye mwenyewe. Tonton akataka kuvuta muguu, akakosa nguvu ya kumuvuta chef.

"Leo hatuko mu pori," capitaine akasema, macho ku kamba. "Na hatuko tunaenda mbele, tukuache nyuma. Unaona velo ya huyu mupumbavu? Iko pale. Yeye na velo yake, bo wawili bako hapa juu yako."

Mupumbavu ilikuwa mimi. Sijapata siku ingine jina yenye ilinifurahisha vile.

Bottine ikatoka. Chaussette ilikuwa imekamatana na muguu. Infirmière akaiweka mu maji, akaitosha pole pole. Chini ya kidole cha pili kulikuwa tundu nyeusi, kidole chenyewe kimevimba na kubadili rangi. Infirmière akaingiza mukono mu bottine, akagusa semelle kwa ndani, fasi ya kukanyaga, akatuonyesha: ncha ya musumari ilikuwa imepanda. Tonton alikuwa anatembea juu ya musumari, siku sijui ngapi.

"Niliona tundu, nikakanyagia kisigino, lakini haikuniuma," tonton akasema. "Njo maana nilisema itapona yenyewe."

"Njo ile mubaya, papa," infirmière akajibu. "Yenye haiume."

Mimi nilitaka kusema neno moja ya kutia nguvu, kama docteur. Nikainama niangalie muzuri. Dunia ikazunguka, nikakaa. Nilikaa mu basin.

Nani atapedala? Balinitazama, maji iko inatoka ku T-shirt kama ku tôle, bakamutazama caporal. Caporal akapanda velo. Tonton akakaa nyuma, muguu umefungwa na kitambaa mweupe, umenyooka mbele. Mimi nikakimbia nyuma na bottine mu mukono. Nyuma yangu, bila mutu kubaambia, bazee yote ikashika pas, wengine na kiatu moja tu, "Moko! Mibale!", mpaka ku hospitali kubwa. Ile siku sikusikia kitu kunichoma ku mbavu. Pengine ilinichoma, sikuwa na wakati ya kuisikiliza.

Docteur, wa kweli, aliangalia, akasema kidole lazima kitoke. Kuhusu muguu, akasema: "Tutaona. Sukari ikishuka na kidonda ikikauka, itabaki. Kama hapana, tutapanda juu, tutakata muguu."

Tonton akauliza: "Munakata fasi gani leo?"

Akamuonyesha kidole.

Tulingoja ile jibu. Nilimuangalia mama mukubwa, yeye iko anaangalia ukuta yenye tonton angeweza kugeukia. Tonton akaangalia kidole chake, kisha akaangalia ku dirisha: bazee balikuwa inje, bamekaa mustari, habakwenda.

"Chukua," akasema.

Siku zenye zilifuata njo zilikuwa ndefu. Docteur alikuwa anafungua pansement, kitambaa ya kidonda, kila asubui, na kila asubui sisi yote tunaangalia uso yake, hapana kidonda. Sukari ilikataa kushuka, kisha ikashuka, kisha ikapanda tena, na balikuta caporal alimuletea chai yake ya kawaida mu thermos. Capitaine akamuita inje. Sikusikia maneno, lakini nilimuona caporal, na nywele yake mweupe yote, iko garde-à-vous mbele ya latrine ya hospitali. Kesho yake alileta chai bila sukari. Tonton akakunywa kidogo, akasema: "Caporal, hii balifulia nini?" Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu ile asubui, na mama mukubwa akatoka inje kulia.

Kisha siku moja docteur akafungua, akainama, akafinya pembeni, akafunga tena. "Hatupande juu," akasema. Vile tu. Akaenda kwa mugonjwa mwingine. Nilitaka kumubeba bure ku toleka maisha yake yote. Lakini yeye iko na moto, pikipiki yake.

Sitaki kudanganya batu eti sasa ile hangar ni paradiso ya afya. Lotoko iko. Inajificha nyuma ya tôle nikipita, na bo banasema ni pétrole. Caporal anavuta tumbako mpaka leo, anasema moshi ya chai inamuzoesha. Lakini sukari iliwekwa chini ya ordre: kijiko moja, na capitaine mwenyewe njo anagawa. Kila asubui banatembea. Na mbele ya kutembea, kuko revue. Kila mutu anapiga kiatu chini kutosha vijiwe, anaingiza mukono ndani, kisha anamuonyesha mwenzake chini ya muguu. Bazee ba avenue ingine, bale ba police ya zamani, balikuya kuomba kuingia. Capitaine akabaambia watakaa ku mwisho ya banc, grade ni grade.

Tonton hawezi kuinama aone chini ya muguu yake. Donc asubui, mbele niende ku toleka, nakaa chini ku position yangu ya civil, na yeye anaweka kisigino juu ya goti yangu. Naosha, nakausha, nafungua vidole moja moja, naangalia. Sasa sianguke tena. Mara moja moja tu nashika banc.

"Rapport," anasema.

"Vidole ine présents, mon adjudant. Kimoja absent, motif inajulikana."

"Kidonda?"

"Hakuna."

"Angalia tena. Wewe ni mutu wa kuona cirage."

Naangalia tena, chini, pembeni, katikati. Kweli hakuna. Namuambia. Anavuta muguu, anavaa soulier yake mpya ya wazi, anasimama, anakanyaga chini mara mbili, kama mutu anajaribu kama sakafu itamubeba. Kisha ananionyesha sandales yangu na kidole.

"Haya, docteur. Tosha."